TI-84 Plus: jinsi ya kuizoea bila kutegemea kijitabu chake

Kijitabu cha TI-84 Plus, kikokotoo cha kuchora grafu, kinaorodhesha menyu moja baada ya nyingine, lakini hakisemi uanzie wapi. Dawa yake ni kukipa kikokotoo swali ambalo jibu lake unalijua tayari, kisha uangalie kinafikaje huko. Hapa tutatumia x² − 40x + 300. Ukiitafutia vigawo ni (x − 10)(x − 30), basi inakata mhimili wa X kwenye 10 na 30, na sehemu yake ya chini kabisa ni (20, −100).

1. Kisafishe. Bonyeza 2ND, kisha +, halafu 7, 1, 2. Orodha na programu zilizo kwenye RAM zitafutika, kwa hiyo kama umekiazima muulize mwenyewe kwanza.

2. Fuata rangi. Maandishi ya bluu juu ya kitufe hufanya kazi baada ya 2ND, ya kijani baada ya ALPHA. Ukipotea kwenye menyu, 2ND na MODE hukurudisha mwanzo.

3. Andika fomula. Bonyeza Y=, kisha kwenye Y1 andika X²−40X+300. X inatoka kwenye kitufe cha X,T,θ,n. Angalia hapa: alama za kutoa ni mbili. Iliyo juu ya + hutoa namba kutoka nyingine. Ile ya (-), iliyo kushoto kwa ENTER, hufanya namba iwe hasi. Ukiweka (-) mahali pa kutoa utapata ERR:SYNTAX, na hilo ni afadhali kwa sababu unaliona. Kinyume chake ndicho kibaya: ukianza hesabu kwa ile ya kutoa, mashine huandika Ans− na kutoa namba yako kwenye jibu lililopita, kimya kimya. Jihadhari pia na −2²: jibu ni −4. Ukitaka 4, weka mabano: (−2)².

4. Jedwali kabla ya grafu. Ukibonyeza ZOOM 6, dirisha linakuwa −10 hadi 10 pande zote, nawe utaona kipande tu cha mstari ukingoni kulia. Fomula haina kosa. Grafu yenyewe iko nje ya dirisha. Bonyeza 2ND na WINDOW, weka TblStart=0 na ΔTbl=5, kisha 2ND na GRAPH. Safu ya Y1 itasomeka 300, 125, 0, −75, −100, −75, 0. Sasa unajua grafu inashuka hadi wapi. Rudi WINDOW: Xmin=0, Xmax=40, Xscl=5, Ymin=−120, Ymax=320, Yscl=50. Bonyeza GRAPH.

5. Tafuta majibu. 2ND na TRACE, kisha 2. Ikiuliza Left Bound, sogeza alama kushoto kidogo ya 10, ENTER. Right Bound, vuka upande wa pili, ENTER. Guess, ENTER tena. Inapaswa kukupa 10. Ikija ERR:NO SIGN CHNG, kati ya mipaka yako grafu haikukata mhimili. Kwa sehemu ya chini chagua 3. Ukiona 19.999998 au kitu cha namna hiyo usishtuke: mashine inakadiria kwa kukaribia, haitatui kama unavyotatua wewe.

Maswali

*Kila grafu ninayochora inaleta ERR:INVALID DIM, ingawa fomula ni sahihi.*
Plot1 (mchoro wa takwimu) imewashwa na orodha zake ni tupu. Bonyeza Y=, panda kwa mshale hadi Plot1 iliyokolezwa, ENTER.

*Mbona sin(30) inanipa −0.988?*
Kiko kwenye radiani, ambayo ndiyo hali yake baada ya kusafishwa. Ingia MODE, chagua DEGREE, ENTER. Ukichora sin(X) kwa digrii utumie ZOOM 7, maana kwenye ZOOM 6 mstari huonekana kama umelala juu ya mhimili.

*Nikitumia TRACE napata X=.21276596. Namba nzima zimekwenda wapi?*
Grafu ina safu 95 za nukta, yaani nafasi 94 kati yao. Upana wa 20 ukigawanywa kwa 94 ndiyo namba hiyo. Tumia ZOOM 4: inaanzia −4.7 hadi 4.7, kila hatua ni 0.1. Au ukiwa ndani ya TRACE andika 3, ENTER, uende moja kwa moja.

*Duara linatoka kama yai.*
ZOOM 5.

*Ya mwenzangu inaonyesha r (kipimo cha jinsi data inavyoufuata mstari) baada ya LinReg (kutafuta mstari unaofaa data), yangu haionyeshi.*
2ND na 0, bonyeza x⁻¹ uruke hadi herufi D, shuka hadi DiagnosticOn, ENTER mara mbili. Kisha rudia LinReg. Ukisafisha RAM inajizima, utaiwasha upya.