Ugonjwa ukiingia kijijini: jinsi ya kuufuatilia kutoka simu ya kwanza mpaka majibu ya maabara

Hii naandikia vijana wanaoanza kazi ya afya ya mifugo huku kwetu, kuanzia Nakuru ukishuka hadi Kisumu, Bungoma na Busia, na pia mfugaji yeyote ambaye hushangaa mbona dokta wa mifugo anakuja na kitabu na maswali mengi badala ya kudunga sindano aende zake. Watu hudhani epidemiolojia ya mifugo, yaani kufuatilia ugonjwa unaingiaje na unaeneaje, ni mambo ya kompyuta na maabara, lakini kazi kubwa ni kuuliza, kuhesabu na kuandika tarehe, na hiyo sehemu ikiharibika maabara haiwezi kukurekebishia.

Anza na simu yenyewe

Simu nyingi zinaingia hivi, na usiwe na haraka ya kukata:

– Dokta, habari ya asubuhi. Ng'ombe yangu tangu jana anatoa mate tu na majani hataki.
– Nzuri mama, pole sana. Ni huyo peke yake ama kuna mwingine?
– Ni huyo na mtamba. Na kwa jirani kuna mmoja anachechemea.
– Huyo wa jirani alianza lini?
– Jumamosi hivi. Yule mzee alinunua mwingine sokoni ile Jumatatu, akamchanganya na wake.

Hata dakika mbili hazijaisha na tayari unajua kuna boma mbili, unajua ya kwanza si ya huyu mama, na unajua kuna mnyama aliingia kutoka soko siku tano kabla. Mate na kuchechemea pamoja inakufanya ufikirie FMD, ule ugonjwa wa miguu na midomo, na FMD hujificha mwilini siku 2 hadi 14 kabla dalili zionekane, kwa hivyo hizo siku tano zinaingia vizuri kabisa. Bado hujajua ni nini lakini unajua maswali yaanzie kwa mzee, na ungemwambia mama "nakuja" ukakata simu ungefika kwake, ukatibu vidonda, ukarudi nyumbani na ugonjwa unaendelea kwa jirani. Kabla ya kukata mwambie asihamishe mnyama yeyote, asikubali wageni waingie zizini, na yeye mwenyewe asiende kuangalia wa jirani halafu arudi kukamua wake na viatu vile vile.

Ukienda, anza na boma zenye hazina ugonjwa ndio umalizie na zile ziko nao, osha gamboti na dawa kila ukitoka, manake hakuna aibu kubwa kwa hii kazi kama ugonjwa kufuata nyayo za dokta.

Amua unahesabu nini, halafu hesabu hata wazima

Kabla ya kuhesabu andika kwa sentensi moja ni mnyama gani utamwita mgonjwa. Kwa mfano: ng'ombe yeyote wa hii sublokesheni ambaye tangu mwanzo wa mwezi ametoa mate mengi ama amechechemea, na ana kidonda mdomoni, kwa kwato ama kwa chuchu. Sentensi hiyo ikishakaa usiibadilishe katikati, na ikibidi ubadilishe rudi uhesabu upya boma zote, la sivyo namba za Jumatatu na za Alhamisi zitakuwa zinazungumza vitu tofauti.

Sasa hapa ndipo nataka mtu asikie vizuri. Ripoti nyingi zinakuja zimeandikwa "ng'ombe sita wagonjwa" basi. Sita kati ya wangapi? Sita kati ya wanane ni kitu kinachokimbia na kila mnyama pale ni dhaifu kwake, sita kati ya sitini inaweza kuwa kitu kingine kabisa, labda ni wale waliokunywa mahali fulani peke yao. Bila wale wazima hiyo sita haina maana, huwezi kulinganisha boma na boma wala wiki hii na ile iliyopita, na mtu wa kaunti akiketi na hizo ripoti hawezi kuamua chanjo ziende wapi kwanza. Kwa hivyo hesabu wote walioko, ugawanye ndama, mitamba na wakubwa, kisha mbuzi, kondoo, nguruwe na mbwa pia hata kama hakuna mtu amelalamika juu yao. Umri unakuambia mengi: ukiona kondoo na mbuzi wengi wametupa mimba wakati mmoja na wachanga wanakufa kwa wingi huku wakubwa wengi wanapona, hiyo si picha ya ndigana, hapo fikiria Homa ya Bonde la Ufa, na ukiona ndama na ng'ombe wa gredi wako na joto kali na tezi zimevimba chini ya masikio na mbele ya bega, angalia ndani ya masikio kama kuna kupe wa kahawia, hao ndio hubeba ndigana kali, ile wengi huku huita East Coast.

Tena usisahau wale hawapo. Mfugaji akiulizwa ako na ng'ombe wangapi anahesabu waliosimama mbele yake, hataji aliyekufa wiki jana wala yule aliuzwa kwa bei ya kutupa alipoanza kudhoofika. Uliza polepole: kuna aliyekufa, kuna aliyeuzwa, kuna aliyechinjwa tangu hii shida ianze? Ukiuliza kama askari utadanganywa. Mtu ameuza mnyama mgonjwa kwa sababu karo inadaiwa, si kwa ubaya, na akiona hukumjia kwa vitisho atakuambia ni broka gani alimchukua na alielekea wapi, na hiyo habari ni ya maana kuliko sampuli kumi.

Tarehe sasa. Ukiuliza "ilikuwa tarehe ngapi" mtu atakutajia yoyote tu akuridhishe. Uliza ilikuwa kabla ama baada ya soko, kabla ya shule kufunga, ile siku mvua kubwa ilinyesha, Jumapili gani ya kanisa, halafu wewe ndio utafute kwa kalenda. Ukirudi, chora kwa kitabu cha hesabu chenye miraba: kila siku ni safu yake, kila mgonjwa mpya ni mraba mmoja juu ya ile siku alianza. Ikipanda ghafla mara moja na kushuka, tafuta kitu walishiriki, kama maji, chakula cha gunia moja, malisho mapya. Ikija kwa mawimbi, kidogo halafu siku kadhaa halafu wengi zaidi, ujue inatoka kwa mnyama kwenda kwa mwingine. Mimi hiyo picha ya penseli naiamini kuliko maneno mengi, na inakuonyesha pia kama hatua mlizochukua zimefanya kazi ama mnajidanganya.

Rudi nyuma, nenda mbele

Kurudi nyuma ni kuuliza ugonjwa uliingia na nini kwa zile siku za kujificha, kwa FMD siku 14. Mnyama aliyenunuliwa ndiye wa kwanza kushukiwa, lakini uliza pia dume la kukodi, mtu wa AI (yule wa kupandisha ng'ombe kwa mrija), gari la maziwa, josho la pamoja, nyasi zilizoletwa, jamaa aliyekuja mazishini na kondoo wawili. Kwenda mbele ni kuuliza kutoka hapa nini kilitoka na kiko wapi leo, na hapo ndio utapigia wenzako wa kaunti zingine, manake ng'ombe wa soko kama la Chwele kule Bungoma anaweza kulala kaunti nyingine usiku huo huo. Teso na Busia ni zaidi, familia moja iko pande zote mbili za mpaka na mifugo inapita njia za miguu, kwa hivyo kuwa na namba ya simu ya mwenzako wa upande wa Uganda si anasa.

Nguruwe wanataka kichwa tulivu. Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kitaalamu mara ya kwanza hapa hapa Kenya, daktari wa mifugo Montgomery aliandika 1921, na hadi leo haina tiba na chanjo huku hatuna. Ikisikika imefika kijiji fulani watu wanakimbia kuuza nguruwe wakiwa bado wanasimama, wachinjaji wanazunguka banda hadi banda wakinunua rahisi, mabaki ya nyama yanarudi jikoni na kwa chakula cha nguruwe wengine, na hiyo hofu ndio inasambaza ugonjwa. Ukifika kijiji kama hicho maongezi yako ya kwanza yawe na mabroka na wenye bucha, halafu uingie kwa mabanda.

Kuna wakati unaacha kalamu kwanza

Mnyama amekufa ghafla, amefura haraka, damu nyeusi isiyoganda inatoka puani ama nyuma: hicho ni kimeta mpaka maabara ikatae. Usimpasue. Usikubali apasuliwe. Ukimpasua vile vimelea vinapata hewa na kutengeneza mbegu zinazokaa kwa udongo miongo na miongo, na 2015 tuliona nyati zaidi ya mia wakifa na kimeta ndani ya mbuga ya Lake Nakuru. Shida kubwa ni nyama, manake watu hawataki ng'ombe mzima apotee hivi hivi, inagawanywa usiku na asubuhi iko kwa nyumba kumi. Kaa na hiyo familia, mwite chifu, mnyama azikwe kwa shimo la mita 2, weka ua, kisha pigia hospitali uwaambie majina ya waliochuna na waliokula. Sampuli ni tone la damu kutoka mshipa wa sikio, ukiwa na glavu, inatosha.

Ng'ombe mmoja tu anatoa mate, analia sauti imepasuka, anafuata watu kwa ukali? Usitie mkono mdomoni kutafuta eti amekwamwa na kitu. Inaweza kuwa kichaa cha mbwa. Aliyeguswa na mate kwa kidonda ama kuumwa aoshe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na aende hospitali siku hiyo hiyo, na wewe urudi uulize mbwa gani alipita, aliuma nani mwingine. Kisumu na Siaya ziliwekwa kati ya kaunti za kuanzia kwa mpango wa taifa wa kumaliza huu ugonjwa kati ya 2014 na 2030, na hesabu ya mbwa ni muhimu sana hapo kwa sababu lengo ni kuchanja asilimia 70 yao, na huwezi kujua umefika 70 kama hujui mbwa ni wangapi.

Na mvua za El Niño zikitangazwa usingoje simu. Homa ya Bonde la Ufa iligunduliwa kwa shamba karibu na ziwa Naivasha, kondoo wakifa, 1930 kuelekea 1931, na mlipuko wa 2006 na 2007 uliua zaidi ya watu 150 Kenya. Mayai ya mbu wake hukaa kwa udongo mkavu miaka, maji yakituama yanaanguliwa. Kwa hivyo kabla ya mvua ndio unapigia wafugaji wa mabondeni, unauliza nani amechanja, unawaambia mimba iliyotupwa isishikwe na mikono mitupu. Mlipuko ukishaanza, kupita na sindano moja kwa kundi zima kunaweza kusambaza virusi vyenyewe, ndio maana chanjo ni ya mapema.

Sampuli na ripoti

Chukua sampuli kabla mtu hajadunga dawa, na kama ameshadunga andika gani na lini. Chupa ya kifuniko cha zambarau ni ya damu nzima, nyekundu ni ya kupata siramu, yale maji ya damu yanayobaki ikishaganda. Weka kwa kulaboksi na barafu lakini damu isigande kwa baridi, ikigandishwa chembe zinapasuka na umefanya kazi bure. Kwa FMD chukua ngozi ya lengelenge lililopasuka juzi, si kidonda cha wiki mbili. Kenya FMD iko na aina kadhaa, O, A, SAT1 na SAT2, na chanjo ya moja haikingi nyingine, kwa hivyo bila majibu ya maabara ya taifa ya FMD iliyo Embakasi, Nairobi, mnaweza kuchanja kaunti nzima na ugonjwa upite katikati. Zingine nyingi peleka maabara ya mkoa iliyo karibu, Nakuru, Eldoret ama Kericho, na fomu iandikwe yote, umri, chanjo, wangapi kati ya wangapi. Chupa bila historia inamfanya mtu wa maabara abahatishe.

Ripoti tuma siku hiyo hiyo kwa simu kupitia KABS, ile programu ya taifa ya kuripoti magonjwa ya wanyama, usingoje uhakika, andika "inashukiwa". Sheria ya magonjwa ya wanyama, Sura 364, inataka magonjwa makubwa yaripotiwe, na hiyo ni pamoja na mwenye mnyama. Kutoka kwako inaenda kaunti, inaenda Kabete kwa makao makuu ya idara ya mifugo ya taifa, na ikibidi inaenda shirika la afya ya wanyama duniani kule Paris. Wiki ikipita bila kitu, tuma sifuri. Sifuri ya mtu aliyezunguka akauliza ni habari, kunyamaza si habari.

Karantini ikiwekwa nenda wewe mwenyewe ukaeleze, usiache tangazo la chifu pekee lifanye hiyo kazi. Soko likifungwa kuna mama hana pesa ya unga wiki hiyo. Mwambie ni nini kimekatazwa na nini kinaruhusiwa, na nani wa kumuuliza. Majibu yakitoka wa kwanza kupigiwa ni yule aliyepiga simu ya kwanza, hata kama majibu ni kwamba hakuna kitu kimeonekana, manake asipoambiwa hatapiga tena na mlipuko unaofuata utausikia umeshavuka mto. Halafu endelea kupigia zile boma zote, wagonjwa na wazima, mpaka ipite mara mbili ya muda wa kujificha tangu mgonjwa wa mwisho, kwa FMD siku 28, ukijaza miraba yako, na ombi la kufungua soko unapeleka kwa mkurugenzi wa mifugo wa kaunti ukiwa na hiyo karatasi mkononi.