Kiini kitangulie, sakafu zifuate

Jengo refu la zege naanza na kuta za lifti na ngazi. Hicho ndicho kiini. Nguzo na boriti hubeba uzito unaoshuka. Upepo unaosukuma ubavuni ni mzigo wa kiini zaidi. Kikikosa wima, lipu haitakusitiri: reli za lifti zitakuumbua.

Kitangulize orofa tatu au nne mbele ya sakafu. Fomu, yaani kalibu za kumiminia zege, zinapanda kwa jeki, zikishikilia zege la chini lililokwisha kukomaa. Wima usiupimie orofa iliyopita. Milimita 5 zikirithiwa mara 20 ni sentimita 10. Rudi kwenye alama za chini kabisa, uzipandishe kwa leza kupitia matundu uliyoacha kwenye sakafu.

Kazi yenyewe iko kwenye stata, zile nondo zinazotoka ukutani kushika sakafu. Tunazikunja ndani ya sanduku jembamba la bati na kulifunga upande wa ndani wa fomu. Fomu ikitoka, unabandua kifuniko na kuzinyoosha. Siku moja nilisoma kwenye mchoro usawa wa sakafu iliyokwisha kuwekwa vigae badala ya usawa wa zege. Stata za orofa nzima zikatokea sentimita 7 juu. Siku tatu tulitoboa ukuta na kugandisha nondo mpya kwa gundi ya epoksi, mhandisi kasimama nyuma yetu, kimya. Afadhali angefoka. Sasa usawa wa zege nauandika mwenyewe kwa chaki nyekundu juu ya fomu, na chaki hiyo simpi mtu.

Ringi za nguzo, vile vyuma vinavyozifunga nondo za wima, zikunjwe ncha kwa digrii 135, ziingie katikati ya nguzo. Ya digrii 90 hufunguka ganda la zege likibanduka. Biskuti, vile vipande vya zege vinavyotenga nondo na fomu, usizibanie.

Vaibreta, mashine ya kutikisa zege bichi, ichovye wima, ipenye sentimita 10 hivi kwenye tabaka la chini, uitoe polepole mapovu yakikoma. Ukiwa na haraka utafungua fomu ukute zege lina matundu kama sega la nyuki.

Kyubu za majaribio, vile vibonge vya mraba vya zege, huvunjwa siku ya 7 na ya 28. Ya 7 ikikupa theluthi mbili ya nguvu inayotakiwa siku ya 28, shukuru, lakini mirunda usiing'oe yote: sakafu mbichi ya juu bado inaegemea ile ya chini yake. Mhandisi ndiye atakayesema ibaki orofa ngapi.