Kupanga wimbo wa kwaya kwa mtindo wa regilaul ya Estonia

Mshororo wa regilaul, wimbo wa jadi wa Waestonia, una mizani 8, sawasawa na ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo) wa shairi letu. Ndiyo maana mtindo aliousimamia mtunzi wa Estonia Veljo Tormis (1930–2017) unaikaa kwaya ya Dar es Salaam vizuri kuliko mtu anavyodhani.

Anza na maneno. Mkazo wa Kiestonia huwa silabi ya kwanza, wetu ya pili kutoka mwisho, na mapigo ya regilaul huangukia mizani ya 1, 3, 5 na 7. "Pwani maji yanakupwa" inakaa yenyewe. "Bahari imetulia" inagongana mwanzoni, kwa kuwa mkazo wa "bahari" uko mizani ya 2. Usihamishe tuni kuufuata. Regilaul yenyewe ina mishororo ya namna hiyo, na mgongano huo ndio utamu wake.

Tuni iwe fupi, isizidi sauti tano: m m r r m f r d (yaani mi, re, fa, do kwa kifupi; s ni so) inatosha. Kiongozi anaimba mshororo mzima. Kundi linadaka mizani ya 7 na 8 pamoja naye, kisha linarudia mshororo wote. Naye kiongozi anadaka mbili za mwisho za kundi. Wakisubiriana wamalize, mnyororo unakatika na wimbo unapoa.

Kwa watu 20, beti mbili za kwanza kundi liimbe sauti moja. Ubeti wa 3, besi washike d na teno washike s, wapumue kwa zamu. Wakipumua pamoja shimo linasikika. Wa 5, alto wafuate tuni sauti ya nne chini yake (tuni ikiwa d, wao s ya chini), hatua kwa hatua, hata kama kitabu cha hamoni kinakataza. Tuni haibadiliki hata mara moja. Kinachobadilika ni mavazi yake.

Kinanda kifungwe. Mpigaji ataingiza kodi za d, f, s za kila Jumapili, na wimbo utageuka pambio. Ngoma moja inaruhusiwa: Raua needmine ya Tormis (1972) inaendeshwa na ngoma.

Kwaya ikishuka, kosa mara nyingi ni m iliyoimbwa chini. Zoezeni r–m peke yake, feni zikiwa zimezimwa. Mkianza kukimbia, mwondoeni mpiga ngoma kwanza, muimbe mkitembea: hatua moja kwa kila mizani mbili.