Namna ya Kuandaa Siku ya Amerika ya Kilatini na Karibi katika Chuo cha Tabora

Mwanafunzi anayepewa jukumu la kuandaa siku ya utamaduni wa Amerika ya Kilatini na Karibi mara nyingi huanza kwa kutafuta kofia pana za majani na nyimbo za kuchezea. Nimekuwa mlezi wa klabu ya wanafunzi kwa miaka kadhaa, na mwaka wa kwanza nasi tulianza hivyo hivyo. Ukumbi ulijaa, spika zilinguruma, watu wakacheza mpaka jua likazama, na kesho yake sikupata mwanafunzi hata mmoja aliyeweza kunitajia mji mkuu wa nchi mojawapo tuliyokuwa tumeisherehekea. Tangu siku hiyo nimeshika njia nyingine: tunaanza na kitu ambacho Tabora tayari inacho, kilichotoka upande ule wa Atlantiki au kilichokwenda huko kutoka Afrika, kisha tunakifuata mpaka kwa watu wake na historia yao.

Kabla ya lolote, kamati ielewane kuhusu maneno, kwa sababu tangazo lililokosewa huharibu shughuli mapema. Amerika ya Kilatini ni eneo ambalo watu wake wengi huzungumza Kihispania au Kireno, na wapo wanaoihesabu na Haiti yenye Kifaransa na Krioli. Jamaika, Trinidad na Barbados zinatumia Kiingereza, hivyo mtu wa Kingston ukimwita Mlatino utakuwa umemkosea. Guyana na Suriname zimo katika bara la Amerika ya Kusini, lakini kwa historia na ushirikiano zinahesabiwa Karibi. Makao makuu ya jumuiya ya nchi za Karibi, CARICOM, yako Georgetown, Guyana. Brazil nayo, yenye watu wengi kuliko nchi nyingine yoyote ya eneo hilo, haizungumzi Kihispania. Mambo haya yaandikwe kwenye karatasi moja, na kila mwanakamati awe nayo.

Kuhusu tarehe, msiige kalenda ya vyuo vya Marekani, ambavyo huadhimisha urithi wa Kihispania kuanzia Septemba 15 hadi Oktoba 15. Kipindi hicho kina sababu yake, kwani Guatemala, Honduras, El Salvador, Nikaragua na Kostarika zilijitangazia uhuru Septemba 15, 1821, lakini kwetu wanafunzi wengi huwa bado wako likizo. Tarehe inayotufaa ni Novemba 20, siku ambayo Wabrazili humkumbuka Zumbi, kiongozi wa ngome ya watumwa waliotoroka iliyoitwa Palmares, aliyeuawa Novemba 20, 1695. Mkikosa nafasi mwezi huo, Juni 13 inafaa kwa mhadhara, kwa kuwa ndiyo siku aliyouawa Walter Rodney huko Georgetown mwaka 1980. Rodney, Mguyana, alifundisha historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa hiyo hata wahadhiri wetu wenye mashaka na shughuli za klabu humkubali bila ubishi.

Sasa tuje kwenye kitu chenyewe. Kwa Tabora napendekeza muhogo, ingawa wengi hufikiria tumbaku kwanza. Tumbaku nayo imetoka Amerika, na jina tulilonalo ni ndugu wa neno la Kihispania. Ila mjadala wake huishia kwenye bei na masoko. Mahindi pia yametoka huko, Meksiko, japo jina lake linatudanganya kuwa ni ya Wahindi. Muhogo una faida moja kubwa: kila mtu ukumbini ameushika kwa mikono yake, na ndani yake mna swali la kitaaluma lililojificha. Muhogo mchungu una sumu. Wenyeji wa Karibi, kabla Wazungu hawajafika, waliishinda sumu hiyo kwa kuukuna, kuukamua maji, na kuoka unga wake wenye unyevunyevu juu ya kikaango cha udongo mpaka ukawa mkate mwembamba. Mkate huo bado unaokwa Kuba, Haiti na Jamhuri ya Dominika, na Jamaika wana ndugu yake aitwaye bammy. Bibi zetu waliishinda sumu ile ile kwa kuuloweka au kuuvundika, kuuanika ukawa makopa, kisha kuutwanga. Ni tatizo moja na majibu mawili, yaliyotenganishwa na bahari. Mwekeni mwalimu wa kemia aeleze sumu inavyotoka, kisha mama mmoja wa mtaani aoneshe makopa yake. Nawahakikishia hakuna atakayesinzia.

Mkitaka safari ya upande wa pili, yaani kitu kilichotoka Afrika kikaenda huko, kipo jirani kabisa: mawese ya Kigoma. Watu wa Bahia, Brazil, huyaita dendê, neno lenye asili ya Kimbundu cha Angola, na ndiyo wanayokaangia acarajé. Chakula hiki kinapikika Tabora bila kuagiza chochote ng'ambo. Kunde hulowekwa usiku kucha, asubuhi husuguliwa kwa viganja mpaka maganda yaelee juu ya maji na kumwagwa, kisha husagwa pamoja na kitunguu na chumvi bila kuongezwa maji. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Rojo hilo halifai kukaangwa mara moja. Ni lazima lipigwe kwa mwiko kwa nguvu mpaka mkono uchoke, lijae hewa na kupauka, na mwiko ukiuinua uonekane umebeba kitu chepesi. Mawese yapate moto vizuri, kisha chota kwa kijiko na udondoshe. Donge hugeuka rangi ya matofali nje na kubaki laini ndani. Huko Bahia hulipasua na kulijaza uduvi mkavu; sisi tulitia dagaa wa Kigoma, na kibao mezani kilisema wazi kwamba hao ni dagaa wetu na si desturi ya Bahia. Uaminifu huo mdogo ni sehemu ya elimu.

Kuna jambo linalohitaji busara. Acarajé ina ndugu yake Afrika Magharibi, na kule Bahia ni pia chakula cha ibada ya Candomblé, dini iliyojengwa na Waafrika waliopelekwa utumwani. Elezeni hivyo kwa maneno machache na ya heshima. Msifiche, na msifanye maigizo ya ibada ya watu wengine jukwaani ili kuchekesha. Aidha, mtu asipande jukwaani kudai kwamba misafara ya watumwa ya Unyanyembe, hapa hapa Tabora, ndiyo iliyowapeleka watu Bahia: misafara ile ilielekea Bagamoyo na Zanzibar. Takribani watu milioni 5 walifikishwa Brazil, wengi wao kutoka Angola na Afrika Magharibi. Kufananisha historia mbili ni halali; kuzichanganya ni kosa ambalo mhadhiri wa historia hatalisamehe.

Kwa mhadhara mkuu, mada za karibu huwavuta watu kuliko mada kubwa. Mathalani, Aprili 1965 mwanamapinduzi Ernesto Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma akiwa na kikosi cha Wakuba, akaenda kusaidia waasi wa Kongo, na Novemba mwaka huo huo akarudi Kigoma akiwa ameshindwa. Mzungumzaji na aulizwe kwa nini alishindwa. Swali hilo hufungua mlango wa siasa za Kuba, za Kongo na za Tanzania kwa wakati mmoja. Mada nyingine ni Haiti, ambako watumwa waliasi mwaka 1791 na kutangaza taifa huru Januari 1, 1804. Chagueni moja, si zote. Mhadhara wa dakika 35 wenye maswali ya dakika 25 unatosha.

Mkimwalika mgeni kwa njia ya video, kuweni makini na saa. Tabora iko saa sita mbele ya Salvador, mji mkuu wa Bahia, hivyo saa tisa yetu ya alasiri kule ni saa tisa ya asubuhi kwa hesabu yao ya kizungu. Namba ya saa yetu ya Kiswahili inalingana na namba iliyo kwenye simu ya Mbrazili! Mwaka mmoja nilimwandikia mgeni kwa Kiingereza kwamba tutaanza "saa 9", nikimaanisha alasiri yetu, naye akaelewa ni asubuhi ya Tabora. Akaamka saa tisa za usiku kwao na kukuta kiungo cha video kimefungwa. Andikeni saa za miji yote miwili, mara mbili. Jamaika iko saa nane nyuma yetu mwaka mzima. Mgeni arekodi pia maelezo mafupi na kuyatuma mapema, kwa kuwa bando na umeme havina urafiki na siku ya shughuli.

Muziki uje baada ya mhadhara, wala si kabla yake, la sivyo hamtawarudisha watu vitini. Sahani za santuri za Kuba zilifika Kongo tangu miaka ya 1930 na kuchangia rumba ambayo baadaye ilitufikia sisi. Morogoro palikuwa na bendi ya Cuban Marimba ya Salum Abdallah, na Tabora yenyewe ilikuwa na bendi ya Kiko Kids. Tafuteni mzee mmoja anayelijua gitaa la enzi hizo, akae kitini, apige kibwagizo kimoja cha Kikuba na kimoja cha dansi letu, na awaoneshe wanafunzi kwa vidole vyake mahali vinapofanana. Kwa maoni yangu dakika kumi za namna hiyo ni bora kuliko saa tatu za kaseti.

Mambo ya ofisi ni mafupi. Barua ya kuomba ukumbi iende kwa mshauri wa wanafunzi wiki nne kabla, nakala kwa serikali ya wanafunzi. Bajeti iseme chakula, usafiri wa mzungumzaji, mafuta ya jenereta na fundi mitambo, kwa kiasi halisi cha shilingi. Ratiba iachie nafasi ya swala ya alasiri, na spika zizimwe wakati huo. Mama lishe alipwe nusu mapema, kwa sababu mawese na kunde hununuliwa kwa fedha taslimu. Mtu mmoja ateuliwe kuhesabu sufuria na miiko iliyoazimwa, jina la mwenye kila sufuria liandikwe kwa rangi kwenye kitako chake, na azirudishe kesho yake kabla ya saa nne asubuhi, zikiwa zimesuguliwa kwa majivu mpaka mawese yote yametoka.