Chungu kimoja, watoto wa nyumba mbili: kupanga chakula cha usiku cha wiki nzima

Somo hili ni la nyumba yenye watoto wa mama, watoto wa baba, na pengine mmoja anayekaa kwa mzazi wake mwingine siku za shule kisha anakuja Ijumaa jioni. Vipimo vyote ni vya watu wazima 2 na watoto 3 wa miaka 6 hadi 14. Sharti ni moja: hakuna vyungu viwili. Ukianza kumpikia mmoja chipsi wakati wenzake wanakula ugali, baada ya wiki mbili umeshakuwa mpishi wa hoteli, na wengine wameshapata sababu ya kununa.

Hatua ya 1: Karatasi kabla ya soko

Chora safu tatu: anachokula bila shida, anachokula akibembelezwa, asichogusa. Jaza kwa kila mtu, pamoja na watu wazima. Mwenye presha au kisukari naye aandikwe. Mtoto wa kambo aulizwe na mzazi aliyemzaa. Mama wa kambo akiuliza yeye, mtoto hujibu "nakula tu" kwa adabu, kisha sahani inarudi jikoni imejaa.

Mzio usiuchanganye na kutopenda. Mzazi huyohuyo aulizie nyumba ya pili: karanga, mayai, maziwa, samaki, kamba. Midomo ikivimba, mwili ukitoka vipele au mtoto akibanwa kifua baada ya kula, huyo hadeki.

Hatua ya 2: Ratiba

Jumatatu: ugali wa dona, dagaa wa nyanya, mchicha
Jumanne: wali, maharage, kabichi na karoti
Jumatano: ndizi za kupika na nyama ya ng'ombe, kachumbari
Alhamisi: ugali, choroko za nazi, tembele
Ijumaa: wali, mchuzi wa kuku, kachumbari
Jumamosi: chapati za unga usiokobolewa, maharage, na kitu kimoja kipya
Jumapili: makande na mboga za majani, mapema, saa 11 jioni

Tunda kila usiku: papai, chungwa, embe, lolote la msimu.

Ijumaa usijaribu chakula kipya. Mtoto anayeingia na begi mgongoni ameshabadilishiwa nyumba, kitanda na sheria. Sahani imkute na kitu anachokijua. Kipya kiwe Jumamosi, kijiko kimoja tu pembeni ya alichozoea. Jumapili mnakula mapema ili mtoto asiondoke anatafuna.

Hatua ya 3: Vipimo

Unga wa dona gramu 600, maji lita 1.2 hivi, dona hunywa maji kuliko sembe, kwa hiyo yabaki ya moto pembeni. Mchele nusu kilo. Dagaa wakavu gramu 150, waoshwe kwa maji ya uvuguvugu mara tatu hadi mchanga uishe. Mchanga ndiyo sababu kubwa ya watoto kuwachukia. Majani ya mchicha karibu kilo 1 kabla ya kupika, usishangae yakiiva yanajaa bakuli moja.

Mafuta: mimina nusu lita kwenye chupa yake Jumatatu asubuhi. Hayo ni ya chakula cha usiku cha wiki nzima, vijiko 4 hadi 5 vya chakula kwa siku. Chupa ikiisha Alhamisi, umeona mwenyewe yanakoenda. Mara nyingi ni kwenye kukaangia vitunguu.

Chumvi: mtu mzima anashauriwa asifikie gramu 5 kwa siku, yaani pungufu ya kijiko kimoja cha chai, mkate na vitafunwa vikihesabiwa. Sufuria ya mchuzi wa watu 5 isizidi kijiko 1 cha chai. Ukitia kidonge cha kiungo, chumvi ikatwe nusu, maana kidonge chenyewe kina chumvi nyingi.

Hatua ya 4: Maharage ya wiki

Jumamosi usiku loweka kilo 1, kwa muda wa saa 8 hadi 12. Asubuhi mwaga maji yale, tia mapya, yachemke kwa nguvu dakika 10 kamili ndipo upunguze moto. Hasa maharage mekundu: yakiivishwa kwa moto mdogo tangu mwanzo hubaki na sumu yake ya asili, inayotapisha na kuharisha. Nyanya na ndimu visubiri hadi yalainike, la sivyo ganda linabaki gumu hata ukeshe. Magadi yanalainisha haraka, ila yanaharibu vitamini na kuongeza sodiamu.

Kilo 1 kavu hutoa kilo 2.4 hivi zilizoiva. Gawa vyombo vitatu: cha Jumanne kwenye friji, cha Jumamosi na cha makande kwenye friza.

Hatua ya 5: Upawa

Hapa ndipo ratiba nyingi nzuri hufia. Kuku ana mapaja mawili na nyumba ina watoto watatu. Hesabu hiyo imeshavunja amani kwa wengi. Mama wa kambo akipakua, mtoto anahesabu finyango za mwenzake. Kwa hiyo mkate kuku vipande 15 vinavyokaribiana, mapaja yagawanywe, kila mtu vitatu. Nyama ya ng'ombe nusu kilo ikatwe vipande 10, kila mtu viwili. Tangazeni idadi kabla ya kula, mabakuli yakae katikati, kila mtu ajipakulie. Wazazi mnaamua kinachopikwa na saa ya kula. Mtoto anaamua anakula kiasi gani.

Sahani ilengwe hivi: nusu mboga na tunda, robo wanga, robo maharage, samaki au nyama. Mnaokula sinia moja, wekeni mboga sehemu tatu kulizunguka, maana ikikaa upande mmoja inaliwa na watu wazima peke yao.

Msiseme "maliza mchicha upewe soda". Mtoto anajifunza kuwa mchicha ni adhabu.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mtoto wa mume wangu kila Ijumaa anasema "kwa mama tunakula chipsi zege". Nijibu nini?*

Dada, kwa mama yake usiguse, hata kwa mzaha. Mpe zege ya nyumbani Jumamosi moja moja, iliwe na nyumba nzima: viazi kilo 1.5 vikatwe, vichemshwe dakika 6, vimwagwe maji na vikauke kabisa. Kikaangoni vijiko 3 vya mafuta, viazi vigeuzwe hadi vipate rangi, kisha mayai 8 yaliyopigwa na karoti na hoho. Viazi vikiwa na maji vitashika na kuvurugika, na hapo utaambiwa ya kwa mama ni tamu zaidi.

*Baba wa nyumba ana kisukari. Nimpikie peke yake?*

Hapana, sufuria ni ileile. Ugali wake uwe kama ngumi yake, mboga ziongezwe, maharage yabaki. Ila kama anatumia insulini au vidonge, msipunguze wanga ghafla kabla ya kuzungumza na kliniki yake. Sukari inaweza kushuka mno usiku.

*Sisi hatuna friji.*

Pika maharage robo kilo ya siku hiyohiyo, na Jumamosi badala yake tumia choroko, zinaiva haraka. Kiporo cha wali kilicholala mezani kitupwe: kuna bakteria anayeacha sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi.

*Nyongeza kutoka kwa mwanachama:* chai ya rangi isinywewe pamoja na chakula cha usiku, inazuia madini ya chuma ya maharage na mchicha kuingia mwilini. Chungwa au ndimu inafanya kinyume chake.

*Mdogo wa miaka 4 hajagusa mboga mwezi mzima tangu tuhamie pamoja.*

Watoto wengi huhitaji kukutana na chakula kimoja mara 8 hadi 15 kabla ya kukikubali, na yeye ana nyumba mpya ya kuizoea vilevile. Kijiko kimoja cha mboga ileile kila baada ya siku mbili, bila maneno, na akikiacha kiondoe. Mboga usiisage ukaificha kwenye mchuzi. Akigundua, ataukataa na mchuzi. Akipungua uzito au akikataa hata wanga, mpelekeni kliniki, na mzazi aliyemzaa awepo.