Kuku wa nyama wanakufa ghafla: hesabu vifo kwanza, kisha fungua mzoga

Simu za alfajiri huanza na swali moja: "Kuku wangu wanakufa, niwape dawa gani?" Nami huuliza: "Jana walikufa wangapi? Na juzi?" Wengi hawana jibu. Mara nyingi dawa imeshanunuliwa na imeshakorogwa kwenye maji. Huniuma, kwa sababu mwenye kuku 200 faida yake ni ndogo, na antibiotiki isiyohusika humaliza faida hiyo kabla hata kuku hawajafika sokoni.

Nafuga broila na kuzungukia mabanda ya wafugaji wenzangu pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Chanika hadi Kibaha. Haya ndiyo ninayoyafanya ninapoingia kwenye banda lenye vifo, kwa mpangilio huohuo. Hayachukui nafasi ya daktari wa mifugo, ila yatakufanya umpigie ukiwa na la kumwambia.

Kabla ya kugusa mzoga

Kuna hali moja ambayo hutakiwi kufungua kuku hata mmoja. Kama sehemu kubwa ya kundi imekufa ndani ya siku moja au mbili, vichwa vimevimba, undu zimekuwa za zambarau, au bata wa jirani na kunguru nao wanakufa, funga banda. Usiuze, usigawe, usichinje. Mpigie afisa mifugo wa kata yako usubiri. Mafua makali ya ndege huweza kumpata binadamu, na kisu chako cha jikoni si mahali pa kuyagundulia.

Hatua ya 1: Andika idadi ya kila siku

Chukua daftari. Andika umri wa kuku kwa siku, waliokufa leo, jana na juzi, saa uliyowakuta, na mahali walipokuwa wamelala. Ongeza kama maji ya jana yaliisha kama kawaida. Kuku hunywa karibu mara mbili ya uzito wa chakula anachokula, na akianza kuumwa hupunguza maji kabla hujaona dalili nyingine yoyote.

Sasa angalia namba zako. Mfululizo wa 2, 1, 2, 0, 2 na mfululizo wa 2, 5, 11, 24 ni mambo mawili tofauti kabisa. Wa kwanza ni tatizo la mwili wa kuku mmojammoja, au la namna wanavyolishwa. Wa pili ni ugonjwa unaoambukiza, na kila saa ina thamani. Ukikuta 0, 0, 0 halafu 40 asubuhi moja, fikiria hewa, joto, sumu, au kurundikana. Usiwaze bakteria kwanza.

Kundi lililotunzwa vizuri hupoteza kuku wachache, chini ya 5 katika kila 100 mpaka siku ya kuuza. Kifo kimoja kwa siku mbili hakihitaji dawa. Kinahitaji kuandikwa.

Hatua ya 2: Saa na mahali

Waliokufa kati ya saa 6 mchana na saa 10 jioni, wakubwa, wa wiki ya 4 au ya 5, mabawa yametanuliwa na midomo wazi: ni joto. Pwani kuanzia Desemba hadi Machi ndilo linaloniitisha kuliko jambo lingine lolote. Kuku hatoi jasho, hupoza mwili kwa kuhema. Mwenye gole lililojaa chakula adhuhuri anazalisha joto lake mwenyewe juu ya lile la bati. Ondoa chakula saa 4 asubuhi, kirudishe saa 10 jioni, weka maji ya baridi muda wote, na punguza msongamano. Bati likilowekwa maji mchana husaidia pia.

Waliokufa usiku wakiwa wamerundikana pembeni walisikia baridi wakakandamizana. Zungushia bruda, yaani sehemu ya kulelea vifaranga kwa joto, ubao wa duara ili pasiwe na kona.

Waliokufa usiku wakiwa karibu na jiko la mkaa, bila kurundikana, wananirudisha kwenye usiku mmoja nilioupata mwenyewe. Mvua ilikuwa kubwa, nikashusha maturubai yote mpaka chini ili vifaranga wasilowe. Asubuhi nikakuta 37 wamelala kama waliosinzia. Nilipomfungua mmoja damu ilikuwa nyekundu mno, ya kung'aa, si ile nyeusi ya mzoga. Ilikuwa hewa ya sumu ya mkaa. Tangu hapo jiko langu huwashwa nje mpaka mkaa uive, na juu ya ukuta naacha upenyo wa kiganja hata mvua inyeshe vipi.

Hatua ya 3: Fungua mzoga

Chagua aliyekufa muda mfupi uliopita. Kwa joto letu, mzoga uliolala tangu usiku tumbo huwa limegeuka kijani na kila kiungo kinaonekana kibovu, kwa hiyo utadanganyika. Fungua wawili au watatu, maana mmoja anaweza kuwa na shida yake peke yake. Kama yupo mgonjwa ambaye hatapona, huyo, ukimuua kwanza, ndiye bora kuliko mizoga yote.

Vaa glavu na barakoa. Fanyia kazi hii mbali na banda, juu ya gunia utakalolichoma. Mloweshe kwa maji ya sabuni ili manyoya yasipeperuke. Mlaze chali, chana ngozi kati ya paja na tumbo, kisha vunja nyonga kwa kuzisukuma nje mpaka zilegee, atatulia bila kushikwa. Kata ngozi chini ya ncha ya kidari, uivute kuelekea shingoni.

Simama hapo kwanza. Angalia nyama ya kidari na mapaja. Madoa au michirizi ya damu kwenye nyama ya paja, kwa kuku wa wiki ya 3 hadi ya 6, ni alama ya kwanza ya Gumboro, ugonjwa wa virusi. Nyama iliyopauka kana kwamba imepitishwa kwenye maji moto ni ya aliyekufa kwa joto.

Sasa kata ukuta wa tumbo, pitisha mkasi kwenye mbavu pande zote mbili, inua kidari kama kifuniko. Fuata mpangilio huu:

*Maji tumboni.* Yakimwagika maji ya njano, mengine yameganda kama jeli, na moyo umetanuka upande wa kulia, huyo ameshindwa na moyo. Huwapata wanaokua haraka mahali penye baridi na hewa nzito. Nimeyaona zaidi Njombe, karibu mita 2,000 juu ya bahari, ambako wafugaji huziba madirisha yote kwa sababu ya baridi. Dawa hakuna. Kuna kufungua hewa sehemu ya juu na kupunguza kasi ya ukuaji. Kama unachanganya chakula mwenyewe, ulizia pia dagaa uliowatia: dagaa wa chumvi nyingi huleta maji kama hayo kwa vifaranga.

*Gole, moyo na nyongo.* Gole limejaa, utumbo umejaa, kuku mnene ana nyama nzuri, alikutwa chali, nyongo tupu au ndogo, mapafu yamejaa damu. Hiki ni kifo cha ghafla cha broila, na huwachukua wale wazuri kabisa, hasa majogoo. Ndio wale wa 2, 1, 2. Mfugaji huumia zaidi kwa sababu waliokufa ndio aliokuwa akiwaonyesha wageni. Dawa ya dukani haifanyi chochote hapa. Zima taa kwa muda wa saa 6 kila usiku kuanzia wiki ya pili, na usiache chakula kingi mbele yao mchana kutwa. Kwenye mabanda niliyofuata, kufikia wiki iliyofuata vifo vilikuwa vimepungua.

*Tumbo dogo lililo juu ya firigisi.* Lipasue kwa urefu, lioshe kwa maji kidogo. Nukta za damu kwenye vijitundu vyake, pamoja na kinyesi cha kijani, kuhema kwa sauti, au shingo iliyopinda kwa walio hai, ni mdondo, ambao wengine huuita kideri.

*Utumbo mpofu.* Ni vile vifuko viwili virefu upande wa nyuma. Vikiwa vimevimba na ndani ni damu, ni kokisidia, ugonjwa wa vimelea vya utumbo. Ukiona hivyo rudi bandani, chota maranda chini ya kinyweo, uyafumbate kwa nguvu. Ukifumbua ngumi yakabaki donge, yamelowa mno. Yanayotakiwa huachia taratibu kiganjani. Kwa ugonjwa huu dawa ipo na inafanya kazi: amprolium kwenye maji kwa dozi ya kwenye pakiti, na maranda yaliyolowa yatoke siku hiyohiyo.

*Bursa.* Watu wengi huiruka. Geuza utumbo wote nje, tazama juu kidogo ya tundu la haja: kuna kifuko kama punje kubwa ya karanga. Kwa kuku mzima ni laini, rangi ya krimu. Kwenye Gumboro mpya huwa kimevimba, kimezungukwa na ute wa njano, na ukikipasua mikunjo ya ndani ina damu. Baada ya siku kadhaa husinyaa, kwa hiyo mzoga wa siku ya 8 ya ugonjwa hautakuonyesha uvimbe.

*Vifaranga wa siku 1 hadi 5.* Kwao tazama kitovu na kiini. Kitovu chekundu kilicholowa, na kiini kikubwa chenye harufu mbaya, ni maambukizi ya huko walikoanguliwa au ya banda lisilo safi. Wapigie waliokuuzia ukiwa na idadi na tarehe.

Hatua ya 4: Kama ni Gumboro au mdondo

Hapa ndipo hela nyingi hupotea. Yote mawili ni virusi, hayatibiwi na antibiotiki. Wape maji safi yenye vitamini na chumvichumvi za kuku, joto la kutosha, na utulivu. Epuka dawa za salfa kwa kuku wa Gumboro, kwa kuwa figo zao zimeshaelemewa. Vifo vya Gumboro hupanda haraka, kisha hushuka ndani ya wiki moja hivi, ndiyo maana kila mtu husifia dawa aliyoinunua siku ya 4.

Kisha tafuta kwa nini chanjo haikushika. Ratiba inayotumika sana kwetu ni siku ya 7 mdondo, siku ya 14 Gumboro, siku ya 21 mdondo tena. Mama mmoja wa Chanika alinionyesha daftari lake, tarehe zote ziko sawa, na bado alipoteza 60 kati ya 150. Nikamwuliza:

"Mama, ile chanjo uliibebaje kutoka dukani?"

"Kwenye mkoba, mwanangu. Si ni kichupa tu?"

"Barafu je?"

"Barafu ya nini? Nilipita Mbagala mara moja."

Foleni ya Mbagala saa 7 mchana, kwenye daladala, ndani ya mkoba. Virusi vya chanjo vilikuwa vimekufa kabla hajashuka, na kuku 150 walinywa maji matupu. Beba chanjo kwenye chupa ya chai yenye barafu. Usiikoroge kwa maji ya bomba yenye klorini. Tumia ya kisima yaliyo safi, au weka maziwa ya unga yasiyo na mafuta gramu 2 hadi 2.5 kwa lita kabla ya kutia chanjo. Wanyime kuku maji saa moja au mbili kwanza, ili wamalize chanjo ndani ya saa 2.

Hatua ya 5: Mizoga na maabara

Kuku aliyekufa mwenyewe haliwi, hauzwi, hapewi mbwa. Chimba shimo la zaidi ya mita 1, fukia, mwagia chokaa. Na kama umeshawapa dawa, soma siku za kusubiri kwenye pakiti kabla ya kuuza, kwa sababu kuna mtoto wa mtu atakayekula hiyo nyama.

Ukibaki na shaka, peleka maabara. Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania ana maabara kuu Temeke na vituo vya kanda mikoani, na walio Morogoro wana Chuo Kikuu cha Sokoine. Peleka mizoga 2 au 3 ya karibuni, pamoja na wagonjwa 2 walio hai kama wapo. Iweke kwenye barafu, usiigandishe kwenye friza, kwani kugandisha huharibu kinachotazamwa kwa darubini. Juu ya boksi bandika karatasi kutoka kwenye daftari lako: umri, chanjo na tarehe zake, chakula na dawa ulizokwisha kuwapa, na idadi ya vifo vya siku 7 zilizopita, siku kwa siku.