CZ 452 ya Zamani: Kuirudishia Shabaha na Kulainisha Traiga

Wengi wakipata bunduki ya zamani ya .22 (risasi ndogo) kama CZ 452 hukimbilia traiga. Anza na mtutu, skrubu na risasi. Traiga iwe ya mwisho. Traiga nzito humsumbua mpigaji, lakini haiwezi kurekebisha mtutu mchafu.

Kila unapoifanyia kazi bunduki, toa magazini, chomoa bolti (kifungio cha nyuma ya mtutu), kagua chemba, pale risasi inapokaa, kwa tochi. Risasi zikae chumba kingine mpaka uende kupiga shabaha.

Kabla ya kurekebisha chochote, weka bunduki juu ya mifuko ya mchanga, upige makundi matano ya risasi tano kwa mita 50. Pima kila kundi kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi, kisha tafuta wastani. Kundi moja zuri halithibitishi kitu.

Sasa safisha. Mbele ya chemba, pale ganda linapoishia, masizi na madini ya risasi hujijenga kama pete ngumu, na pete hiyo hutupa risasi mojamoja nje ya kundi. Loweka kwa dawa ya kusafishia mtutu dakika 15, sugua kwa brashi ya shaba, kausha kwa vitambaa. Ufito wa kusafishia uingie kwa nyuma daima: ukiingizwa kwa mbele hukwaruza ukingo wa mdomo wa mtutu, na mdomo ulioumia huipindisha risasi inapotoka. Baada ya kusafisha, risasi 10 hadi 20 za mwanzo zitatawanyika mpaka nta iliyopakwa kwenye risasi ienee ndani ya mtutu. Usizihesabu.

Skrubu zinazoshika chuma kwenye mbao hulegea kadiri mbao inavyokauka. Zikaze kwa bisibisi yenye kipimo, takriban nyutoni-mita (Nm) 2 hadi 2.5, zote kwa nguvu ileile. Kukaza kupita hapo huponda mbao, na chuma kikianza kujipinda kundi hupanuka tena.

Jaribu risasi za aina nne au tano, hasa za mwendo wa chini ya sauti, karibu mita 325 kwa sekunde. Zile za kasi hushuka chini ya kasi ya sauti zikiwa njiani na kuyumba. Hatua hii mara nyingi hupunguza kundi kuliko kazi yote ya traiga.

Traiga ya 452 ina springi iliyovaa kwenye skrubu yenye nati. Legeza nati robo mzunguko kwa wakati mmoja, ukipima uzito kwa mizani ya kuning'iniza iliyofungwa katikati ya traiga. Kwa bunduki ya kuwindia usishuke chini ya kilo 1.2. Traiga ikicheza kushoto na kulia, washa (pete bapa) mbili nyembamba kwenye pini yake huondoa mchezo huo. Nyuso za jino linaloshika pini ya kufyatulia usizipige tupa kamwe: pembe ikibadilika kidogo tu, bunduki inaweza kujifyatua bolti inapofungwa.

Kila unapogusa nati, hakikisha chemba ni tupu, vuta bolti na uifunge kwa nguvu mara kumi, kisha gonga kitako kwa nyundo ya mpira. Pini ya kufyatulia ikidondoka hata mara moja, rudisha nati ilipokuwa. Ikiendelea, mpelekee fundi wa silaha mwenye leseni. Usiipige kabla hajaiona.